Siku sita Saint Petersburg majira ya joto: mwongozo kamili wa makumbusho, maonesho na chakula

Kila mwaka nakutana na watu wanaorudi kutoka Saint Petersburg na malalamiko yale yale. Walifika makumbusho ya Hermitage Jumatatu wakakuta milango imefungwa. Kadi ya benki ilikataa hotelini, ikakataa dukani, ikakataa na kwenye mashine ya fedha. Usiku walikwenda kuangalia madaraja yakiinuliwa, wakajikuta wamebaki ng'ambo ya mto hadi alfajiri, hoteli wanaiona kwa macho lakini pa kupita hakuna.

Si uzembe wao. Mji huu una ratiba zake, na matangazo ya utalii hayazitaji. Mchana wake hupangwa kwa siku za kufungwa, usiku wake hupangwa kwa mto. Ukizishika hizo ratiba mbili, kazi inayobaki ni kutembea, kutazama na kula.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti, viza na bima ya safari, pamoja na nakala za karatasi.
- Dola au euro taslimu za kutosha safari nzima. Noti ziwe safi, zisizochanika wala kuandikwa kalamu.
- Ramani ya mji na programu ya kutafsiri Kirusi, vyote viwe vimepakuliwa ili vifanye kazi bila intaneti.
- Anwani ya hoteli kwa herufi za Kirusi, kwenye karatasi.
- Viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Usinunue vipya kwa ajili ya safari hii.
- Koti jepesi la mvua na sweta, hata kama ni Julai.
- Kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala, na dawa ya mbu.
- Nguo moja ya heshima kwa ajili ya ukumbi wa maonesho. Kwa mwanamke, mtandio wa kuingilia makanisani.

## Hatua ya 1: Pima hali, kisha chagua wiki

Urusi iko vitani na Ukraine tangu Februari 2022. Soma kwanza ushauri wa usafiri wa serikali yako. Uwanja wa ndege wa Pulkovo hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya droni, na intaneti ya simu hukatwa bila taarifa. Kwa hiyo usipange ndege mbili za kuunganisha kwa muda mfupi, wala usitegemee simu kwa kila kitu.

Jambo jingine nalisema kwa uzito. Nenda kama mtalii, kwa safari uliyoipanga mwenyewe. Wapo vijana wa Kiafrika, Wakenya wakiwamo, waliopelekwa Urusi na mawakala kwa ahadi ya kazi wakaishia vitani. Wakala akikuambia "utasaini karatasi ukifika", achana naye hapo hapo.

Kuhusu wiki: usiku mweupe huanza mwishoni mwa Mei na kwenda hadi katikati ya Julai. Karibu na tarehe 21 Juni jua huzama kama saa nne na nusu usiku na kuchomoza kama saa tisa na nusu usiku, na katikati yake giza kamili halipo. Saa ya kule na saa ya Afrika Mashariki ni moja, hutabadili mshale. Lakini sisi tunaohesabu saa kwa jua tutapata taabu kidogo: ni saa nne usiku, na watoto bado wanacheza mpira uani. Tiketi zote huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 19:00 ni saa moja jioni. Andika tafsiri yake kwenye kila tiketi siku hiyo hiyo unayoinunua.

Epuka mwisho wa juma wa sherehe ya Matanga Mekundu, inayofanyika kuelekea mwisho wa Juni kwa wahitimu wa shule, maana katikati ya mji hujaa na barabara hufungwa. Jumapili ya mwisho ya Julai ni siku ya jeshi la majini, nayo hufunga mto kwa maboti ya watalii. Agosti wasanii wengi wa Mariinsky, jumba la baleti na opera, huwa mapumzikoni. Mimi ningechukua wiki ya kwanza ya Julai: usiku bado ni mweupe, baleti bado ipo, na matunda madogo ya msituni yameanza kufika sokoni.

## Hatua ya 2: Karatasi

Angalia kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Urusi kama pasipoti yako inakubaliwa kwa viza ya kielektroniki. Isipokubaliwa, utapita ubalozini, na huko utahitaji uthibitisho wa utalii kutoka hotelini au kwa kampuni ya safari.

Mpakani utapewa kadi ya uhamiaji, karatasi ndogo. Ibane ndani ya pasipoti, kwa sababu utaulizwa wakati wa kutoka. Hoteli ndiyo inayokuandikisha kwa mamlaka. Ukilala kwenye nyumba ya kupanga, hakikisha mwenye nyumba anakubali kukuandikisha kabla hujamlipa, maana wengi hukataa mgeni akishafika.

Kutoka kwetu watu wengi hupita Dubai au Istanbul. Wengine hufika Moscow kwanza, kisha hupanda treni ya kasi ya Sapsan, ambayo hufika Saint Petersburg kwa takriban saa nne.

## Hatua ya 3: Fedha

Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi nchini humo tangu Machi 2022. Hapa hakuna ujanja wa kujaribu benki nyingine. Tovuti kubwa za kimataifa za kukodi vyumba nazo ziliacha kuuza Urusi mwaka huo huo, kwa hiyo wasiliana na hoteli moja kwa moja na uulize kama utalipa taslimu ukifika.

Badilisha kiasi kidogo uwanjani, kinachotosha usafiri na chakula cha siku ya kwanza, kisha kingine mjini ndani ya benki. Usibadilishe na mtu wa barabarani. Gawa fedha sehemu tatu: mfukoni, kwenye sefu ya chumba, na ndani ya begi. Ukitoka benki una rubli za siku mbili na risiti mkononi, umefaulu.

Kutoka Pulkovo, basi namba 39 hukufikisha stesheni ya metro ya Moskovskaya. Teksi za programu hukubali taslimu, ila usajili wake unahitaji namba ya simu inayofanya kazi.

## Hatua ya 4: Chumba kiwe upande wa kusini wa mto Neva

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote. Mji umekaa juu ya visiwa, na kuanzia Aprili hadi Novemba madaraja makubwa ya Neva huinuliwa usiku ili meli zipite. Metro nayo hufungwa karibu na saa sita usiku. Chumba cha bei nafuu kisiwani Vasilievsky au Petrogradskaya kitakugharimu teksi ya kuzunguka mbali, au usiku mzima ukingoni mwa mto.

Tafuta chumba karibu na Nevsky Prospekt, kati ya stesheni za Admiralteyskaya na Ploshchad Vosstaniya. Uliza kama madirisha yana mapazia mazito. Na usinywe maji ya bomba bila kuchemsha.

## Hatua ya 5: Jifunze herufi 33 kabla ya kuondoka

Jioni tatu zinatosha. Herufi nyingi zinafanana na zetu lakini zina sauti nyingine: P ni "r", C ni "s", H ni "n", B ni "v". Maandishi PECTOPAH mlangoni husomwa "restoran". Ukiweza kusoma hilo bila kusita, metro haitakupoteza na orodha ya vyakula haitakutisha.

## Hatua ya 6: Panga siku kwa milango iliyofungwa

Hermitage hufungwa Jumatatu, sawa na makumbusho ya Kunstkamera na jumba kuu la Peterhof, makazi ya kifalme yenye chemchemi nje ya mji. Makumbusho ya Urusi hufungwa Jumanne, vivyo hivyo Jumba la Catherine lililoko mji wa Pushkin. Kanisa la Mwokozi wa Damu Iliyomwagika na Kanisa Kuu la Mtakatifu Isaac hufungwa Jumatano. Zaidi ya hapo, mara moja kwa mwezi makumbusho mengi huwa na "siku ya usafi", kwa hiyo thibitisha tarehe kwenye tovuti ya kila moja.

Ukianza Jumatatu, mpangilio unaokubali ni huu. Jumatatu, Makumbusho ya Urusi. Jumanne, Hermitage. Jumatano, Peterhof. Alhamisi, Kanisa la Damu Iliyomwagika, ambalo ndani lina zaidi ya mita za mraba 7,000 za picha za vijiwe vya rangi, kisha ngazi 262 za kupanda juu ya Mtakatifu Isaac. Ijumaa, jengo la Makao Makuu ya Jeshi la zamani na msikiti. Jumamosi, soko asubuhi, halafu treni ya kwenda mji wa Pushkin kutoka stesheni ya Vitebsky.

Jambo kubwa liwe moja tu kwa siku. Anayepanga mawili huishia kukumbuka foleni.

Katika Makumbusho ya Urusi usikose mchoro wa Ilya Repin wa vibarua wanaovuta jahazi ukingoni mwa Volga. Simama mbele ya yule kijana wa katikati anayejaribu kujitoa kwenye mkanda wa kifuani; wenzake wengi wameinama, yeye amenyoosha mgongo na kuinua uso. Nje, kwenye bustani, ipo sanamu ya Alexander Pushkin amenyoosha mkono. Huyu mshairi mkuu wa Warusi, babu wa mama yake alikuwa Abram Gannibal, Mwafrika aliyeletwa akiwa mtoto na kulelewa na Tsar Peter. Sijawahi kupita pale bila kusimama.

## Hatua ya 7: Hermitage bila kuzama

Makumbusho haya yana vitu zaidi ya milioni tatu. Ukiingia bila mpango, baada ya saa moja macho hayaoni tena, dhahabu yote inakuwa dhahabu moja.

Tiketi huuzwa kwa muda maalumu wa kuingia. Kununua mtandaoni kwa kadi ya nje ni shida, kwa hiyo nenda dirishani mapema au omba hoteli ikununulie uwalipe taslimu. Fika nusu saa kabla. Begi kubwa na mwavuli huachwa sehemu ya makoti. Weka pasipoti na fedha mwilini.

Panda ngazi ya Jordan taratibu, kisha fuata namba za vyumba. Zimeandikwa juu ya milango, na ndizo zitakazokuokoa:

1. Chumba 204: saa ya dhahabu yenye tausi, kazi ya karakana ya James Cox wa London.
2. Chumba 214: picha mbili za Leonardo da Vinci. Ni ndogo kuliko unavyodhani. Subiri kundi la watalii liondoke, huwa haliketi zaidi ya dakika chache.
3. Chumba 227: ushoroba wa Raphael, nakala ya ule wa Vatican.
4. Chumba 254: Rembrandt. Hapa kaa robo saa.

Picha ya Rembrandt ya kurudi kwa mwana mpotevu ni kubwa kuliko mtu. Usianze na nyuso. Tazama nyayo za yule kijana aliyepiga magoti: kiatu kimoja kimetoka, kisigino ni kichafu, soli ya kiatu cha pili imekwisha. Safari yake yote imeandikwa hapo. Kisha panda na macho hadi kwenye mikono ya baba mgongoni mwake.

Baada ya hapo toka. Saa mbili na nusu zinatosha. Matisse, Monet na Van Gogh hawamo humu. Wako ng'ambo ya uwanja, ghorofa ya nne ya jengo la Makao Makuu, na wewe umewapangia Ijumaa. Umefaulu kama unatoka uwanjani bado una hamu ya kurudi.

## Hatua ya 8: Kula kwa saa ya mji

Kula vizuri kwa bei nafuu ni suala la kujua mlango gani na saa ngapi.

Mchana. Siku za kazi migahawa mingi hutoa "biznes-lanch": supu, chakula kikuu, saladi na kinywaji kwa bei moja, takriban kuanzia saa sita hadi saa kumi. Mgahawa ule ule jioni utakula mara mbili ya fedha hiyo. Kama huoni tangazo, uliza. Mlango mwingine ni "stolovaya", kantini ya kuchukua trei na kuonesha kwa kidole. Hapo hakuna aibu ya lugha.

Cha kuagiza kwenye joto. Okroshka ni supu baridi: tango, figili, yai, viazi na majani ya shibiti (dill), vikimiminiwa kvas, kinywaji cha mkate uliochachushwa. Kijiko cha kwanza hushangaza, cha tatu hupoza mwili. Kinywaji cha kufuatia ni mors, sharubati ya matunda madogo mekundu, chachu kidogo. Kuna pia pelmeni, vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani, vikiwa na malai chachu juu, chapati nyembamba za bliny, na syrniki, vibapa vya jibini vya kukaangwa, asubuhi.

Samaki wa mji ni koryushka, mdogo, hukaangwa mzima, na akiwa mbichi hunuka tango. Lakini msimu wake ni majira ya kuchipua. Ukimkuta Julai, jua ametoka kwenye barafu.

Kwa wanaokula halali. Shika maneno manne: "svinina" ni nguruwe, "govyadina" ng'ombe, "baranina" kondoo, "khalyal" halali. Pelmeni mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe, kwa hiyo uliza kila mara. Kimbilio ni migahawa ya Kiuzbeki, yenye plov. Hiyo plov ni ndugu wa pilau yetu: mchele, nyama ya kondoo, karoti nyingi na vitunguu saumu vizima, ila bila mdalasini wala karafuu. Msikiti mkuu, wenye kuba la samawati, uko karibu na stesheni ya Gorkovskaya. Chukua ratiba ya sala hapo hapo. Katika usiku mweupe Isha na Alfajiri hukaribiana mno, na msikiti una utaratibu wake.

Kitamu. Nenda Bolshaya Konyushennaya namba 25, duka la pyshki la tangu 1958. Pyshka ni duara la unga lenye tundu, hukaangwa kwenye mafuta mengi na kumwagiwa sukari ya unga. Foleni huenda haraka. Agiza tatu na kahawa yenye maziwa ya kopo, simama kwenye meza ndefu, na ule zikiwa moto, kwa sababu zikipoa huwa nzito. Badala ya tishu utapewa karatasi zilizokatwa mraba. Usivute pumzi wakati wa kuuma: sukari itakupalia.

Soko. Kuznechny, karibu na stesheni ya Vladimirskaya. Wauzaji hukuonjesha asali, matango ya chumvi na jibini. Onja, sifia, uliza bei ya gramu mia moja, si ya kilo.

## Hatua ya 9: Peterhof

Chemchemi kubwa huwashwa saa tano kamili asubuhi kwa muziki, basi uwe umeshasimama chini ya ngazi za maji dakika ishirini kabla. Boti za kasi huondoka karibu na Hermitage na kufika kwa chini ya saa moja. Basi kutoka stesheni ya Avtovo ni nafuu zaidi. Ushauri wangu ni kwenda kwa boti na kurudi kwa basi, maana jioni foleni ya boti ni ndefu, na stesheni ya Avtovo yenyewe, yenye nguzo za vioo, inastahili kutazamwa.

Tiketi ya bustani ya chini na ya jumba ni mbili tofauti. Kwa siku moja bustani inatosha. Tazama mruko wa maji wa chemchemi ya Samson, mita ishirini hewani, na ukumbuke kuwa hakuna pampu: maji hushuka kwa mfereji kutoka vilima vya mbali, mteremko peke yake unafanya kazi. Beba andazi la nyama au kabichi kutoka mjini, chakula cha ndani ni ghali. Vaa sweta, upepo wa baharini ni mkali.

## Hatua ya 10: Jioni ya baleti

Tiketi za Mariinsky hutoka mapema. Angalia kwa makini kama onesho ni kwenye jumba la zamani au lile jipya lililofunguliwa 2013. Yako jirani, lakini kengele ya tatu, ya kuanza onesho, haimsubiri aliyekosea mlango. Koti huachwa nje ya ukumbi. Viti vya pembeni juu ni nafuu ila hukata nusu ya jukwaa, kwa hiyo chukua katikati hata kama ni nyuma.

## Hatua ya 11: Usiku wa madaraja

Acha jambo hili kwa usiku mmoja usio na safari asubuhi yake. Lala mchana kwa muda wa saa mbili. Angalia ratiba ya usiku huo, kwani hubadilika.

Saa sita na nusu usiku uwe ukingoni mbele ya jengo la Admiralty, magharibi kidogo ya daraja la Ikulu, upande wa kusini. Usivuke daraja hilo hata kama ng'ambo kunaonekana kuna nafasi. Ukipanda boti, uliza inapomalizia kabla ya kulipa.

Baada ya saa saba magari husimamishwa. Kwa muda hakuna kinachotokea, watu wananyamaza. Kisha barabara yenyewe inaanza kuinuka, pamoja na mistari yake myeupe na nguzo za taa, hadi mabawa mawili yanasimama na katikati yake unaonekana mnara mwembamba wa kanisa la Petro na Paulo dhidi ya anga lisilotaka kuwa jeusi. Meli ya kwanza hupita kimya.

Ukihisi baridi, ondoka. Hoteli yako iko upande huu, unafika kwa miguu.